Kwa nini majumba ya sinema yaligawa sahani, bima ya kifo na viti vya kutetemeka

Mwaka 1936 Marekani ilikuwa na majumba ya sinema yapatayo 15,000 yaliyokuwa wazi, na karibu 5,000 kati yake yalikuwa na usiku mmoja wa wiki ambao watu walikuja bila kujali ni filamu gani inaonyeshwa. Walijaa ndani, wakajaa barazani, wengine wakasimama barabarani, wote wakisubiri meneja apande jukwaani, achomoe namba na kusoma jina la mtu mmoja. Aliyetajwa alikuwa na dakika chache tu za kufika mbele. Akiwahi, aliondoka na fedha taslimu. Asipotokea, fedha zilibaki na kuongezwa wiki iliyofuata. Mchezo huo uliitwa Bank Night.

Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 1959, mtazamaji Mmarekani aliweza kukuta kiti chake kimefungwa mota kwa chini, na filamu ilipofika mahali pa kutisha, mota ikaanza kumtetemesha mgongo.

Vituko vya namna hii husimuliwa mara nyingi kama vichekesho vya zamani, ushahidi kwamba watu wa sinema walikuwa na wazimu fulani. Naona simulizi hiyo inawadhulumu. Ukivifuatilia kimoja kimoja unakuta nyuma yake kuna hesabu ya fedha, kifungu cha sheria, au tabia ya watazamaji ambayo mtu fulani aliisoma vizuri sana.

Hasara ya kiti kitupu

Biashara ya sinema ina ugumu mmoja unaoeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Kiti kisichokaliwa usiku wa leo kimepotea moja kwa moja. Ni kama daladala inayotoka kituoni na siti tatu tupu: safari ikishaanza, nauli ya zile siti hairudi, hata kesho abiria wakipanga foleni. Gharama zimeshalipwa zote: umeme, mshahara wa mpiga projekta na wa mkata tiketi, kodi ya jengo, kodi ya filamu. Kwa hiyo mtu mmoja wa ziada anayeingia ni karibu faida tupu, hasa kwa majumba madogo yaliyokodi filamu kwa bei ya mkupuo badala ya kugawana asilimia ya mauzo.

Mwenye jumba la mtaani, zaidi ya hapo, hakuwa na sauti juu ya bidhaa aliyouza. Hadi mwaka 1948 studio kubwa za Hollywood zilikuwa zikimiliki majumba bora ya katikati ya miji. Filamu mpya ilianzia huko, ikakaa hadi watu wa mjini waishe hamu, kisha ikashuka kwenye majumba ya mitaani, na mwisho kabisa vijijini. Tena majumba ya chini yalilazimika kukodi filamu kwa fungu: ukiitaka ile nzuri, unachukua na nyingine kadhaa ambazo hujaziona, na pengine hazijatengenezwa bado. Ndiyo maana meneja wa mtaani mara nyingi alijikuta na filamu ambayo nusu ya wateja wake wameshaiona, au wameshasikia kwamba haifai.

Kilichobaki mikononi mwake ni jengo na usiku wenyewe. Jengo liliweza kuvuta watu bila filamu. Rivoli ya Times Square, New York, ilipofungwa mitambo ya kupooza hewa ya Willis Carrier mwaka 1925, ubaridi ukawa sababu tosha ya kukata tiketi wakati wa kiangazi, msimu ambao zamani majumba mengi yalidorora kwa joto. Mitambo hiyo ilikuwa ghali, na jumba dogo halikuiweza. Usiku, hata hivyo, kila meneja aliuweza.

Studio zenyewe zilimsaidia. Pamoja na filamu zilituma kijitabu cha matangazo chenye mabango ya kuagiza, habari zilizokwisha andikwa tayari kwa gazeti la mji, na mapendekezo ya vituko: mtembeze mtu mwenye kinyago barabarani, andaa mashindano na duka la nguo, weka gari la wagonjwa mbele ya mlango. Vingi tunavyovidhania ni ubunifu wa meneja mmoja vilikuwa vimependekezwa kwa mamia ya mameneja kwa wakati mmoja. Kazi ya meneja ilikuwa kujua kipi kitawagusa watu wa mji wake.

Sahani moja kwa wiki

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliyaminya majumba haya kwelikweli. Maelfu yalifungwa, na yaliyobaki yakaanza kugombania watu ambao kila senti ya matumizi ilikuwa na kazi yake nyumbani. Hapo ndipo vyombo vya mezani vilipoingia.

Meneja alinunua sahani, vikombe na mabakuli kwa bei ya jumla kutoka kwa viwanda kama Salem China cha Ohio, na kila mwanamke aliyekata tiketi usiku wa Jumatatu au Jumanne, siku zenye watu wachache, alipewa chombo kimoja. Kimoja tu. Wiki hii sahani, wiki ijayo kikombe, ijayo kisahani chake. Kukamilisha seti nzima ya familia kulichukua miezi.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye seti. Sahani moja pekee haina thamani kubwa, lakini sahani nne zinazofanana zinakuuma ukikosa ya tano. Mwanamke aliyeanza hakutaka kuacha njiani, na kwa kuwa hakuja peke yake, mume na watoto wakalipa tiketi zao pia. Kumbukumbu za wakati huo zinataja sana sauti ya vyombo vikianguka sakafuni katikati ya filamu, kishindo kikifuatiwa na vicheko vya ukumbi mzima.

Mimi sioni aibu yoyote katika hili. Wakati ambapo nyumba nyingi hazikuweza kununua vyombo vipya, mama alitoka na burudani ya saa tatu na kitu cha kuweka mezani. Wakusanyaji wa Marekani bado wanazitafuta sahani hizo hadi leo.

Fedha zilikuwa na mambo yake. Bank Night ilibuniwa na Charles Urban Yaeger, aliyekuwa akifanya kazi ya kuyapangia majumba filamu huko Colorado, na kampuni yake, Affiliated Enterprises, ikawa inakodisha mpango huo kwa majumba mengine kwa malipo ya kila wiki. Alichokodisha ni utaratibu, na utaratibu huo ulikuwa umesukwa kuikwepa sheria.

Katika majimbo mengi bahati nasibu ya watu binafsi ilikuwa marufuku. Ili mchezo uitwe bahati nasibu, mambo matatu yalitakiwa yakutane: pawe na zawadi, mshindi apatikane kwa bahati, na mshiriki awe ametoa kitu ili ashiriki. Zawadi na bahati havikuweza kuondolewa, maana bila hivyo hakuna mchezo. Yaeger akaliondoa la tatu. Mtu yeyote aliruhusiwa kuandika jina lake bure kwenye daftari la jumba, bila kukata tiketi. Usiku wa kuchomoa namba, jina lilitangazwa ndani na nje pia, na aliyesimama barabarani angeweza kuingia kuchukua fedha zake.

Kwa maandishi, hakuna aliyelipia kushiriki. Kwa vitendo, dakika zilizotolewa zilikuwa chache, nje kulikuwa na baridi au msongamano, na aliyetaka uhakika wa kusikia jina lake na kufika jukwaani alikata tiketi akakaa. Mahakama za majimbo ziligawanyika. Zingine zilikubali kwamba kwa kuwa mlango wa bure ulikuwepo, sheria haikuvunjwa. Zingine zilitazama fedha zilizoingia kwenye dirisha la tiketi usiku huo zikasema hayo ndiyo malipo yenyewe, hata kama hayakuitwa hivyo.

Yaeger alijaribu pia kuwazuia waigaji wake mahakamani. Mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba utaratibu wa mchezo haulindwi na hakimiliki. Unaweza kulinda maneno uliyoandika kuueleza, lakini huwezi kumzuia mwingine kuuendesha. Wabunifu wengi wa leo wangeokoa fedha za mawakili kama wangeisoma hukumu hiyo.

Pale ambapo kupiga debe kuligeuka uongo

Si kila kituko kilimpa mtazamaji kitu. Kulikuwa na mkondo mwingine, wa zamani zaidi, uliomvuta kwa kumdanganya.

Mwaka 1910 waigizaji wa Marekani hawakutajwa majina. Florence Lawrence alijulikana tu kama msichana wa Biograph, kwa jina la kampuni iliyomtumia. Carl Laemmle, ambaye baadaye aliongoza Universal, alimchukua kwenye kampuni yake, IMP. Kisha akatangaza magazetini kwa hasira kwamba maadui wamezusha habari kuwa mwigizaji huyo amekufa kwa ajali, na kwamba huo ni uongo mtupu. Muda mfupi baadaye akampeleka St. Louis aonekane na watu akiwa hai, na umati ukafurika. Wengi wanaoandika historia ya sinema huamini uzushi huo ulitoka kambi ya Laemmle mwenyewe. Tukio hilo hutajwa kila inapoelezwa jinsi nyota wa filamu walivyoanza kuuzwa kwa majina yao.

Harry Reichenbach, mpiga debe wa filamu, aliupeleka mtindo huo mbali zaidi. Mwaka 1920, filamu ya Tarzan ikikaribia kutoka, mtu mmoja alijiandikisha hoteli ya New York kwa jina la T. R. Zann, akapandishiwa chumbani sanduku kubwa kama la piano, kisha akaagiza nyama mbichi nyingi. Ndani ya sanduku mlikuwa na simba. Polisi walikuja, waandishi wakaja, na magazeti yakaandika bure habari ambayo tangazo lake lingegharimu fedha nyingi. Wafanyakazi wa hoteli ile hawakuulizwa kama wako tayari kumhudumia simba.

Ninayemwona kuwa mgumu zaidi kumpima ni Kroger Babb. Filamu yake ya mwaka 1945, Mom and Dad, ilihusu msichana anayepata mimba kwa kukosa elimu ya uzazi, mada ambayo majumba mengi hayakuthubutu kuigusa. Watu wake walitangulia mjini wiki kadhaa kabla, wakachochea mjadala gazetini, wengine wakiipinga na wengine wakiitetea. Wanawake walionyeshwa saa zao, wanaume saa zao. Katikati ya filamu taa ziliwashwa, na mtaalamu wa afya aitwaye Elliot Forbes alipanda jukwaani kutoa mhadhara na kuuza vijitabu, huku waliovaa sare za wauguzi wakizunguka ukumbini. Lakini Elliot Forbes hakuwepo. Lilikuwa jina moja lililobebwa na waigizaji wengi waliokuwa wakihutubia miji tofauti usiku uleule. Vijana wengi walipata pale maelezo ya uzazi ambayo hawakuyapata nyumbani wala shuleni, na waliyapata kwa mtu aliyejifanya mtaalamu. Maelezo kuwa sahihi hakumwondolei Babb deni la yule daktari wa kubuni.

William Castle na hesabu ya woga

Mambo mawili yalibadilisha uwanja baada ya vita. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, ilivunja utaratibu wa studio kumiliki majumba na kuuza filamu kwa fungu. Wakati huohuo televisheni iliingia sebuleni. Watazamaji, waliokuwa wakikadiriwa kufika milioni 90 kwa wiki mwaka 1946, walipungua mwaka hadi mwaka. Studio nazo zikatengeneza filamu chache zaidi. Majumba ya mitaani yakawa huru kuchagua, lakini yakakosa cha kuchagua, na anayetaka kumtoa mtu kwenye kochi lake alihitaji kumpa kitu ambacho kile kisanduku cha sebuleni hakikiwezi.

Nafasi hiyo aliiona William Castle. Alizaliwa New York mwaka 1914 kwa jina la William Schloss, na alikuwa ameongoza filamu nyingi za bei nafuu ambazo hakuna aliyezikumbuka. Kilichomfungua macho ni Les Diaboliques ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1955, iliyojaza kumbi kwa vijana waliokuja kwa makusudi ili waogopeshwe. Castle akaweka nyumba yake rehani kutengeneza Macabre, iliyotoka mwaka 1958.

Filamu ilikuwa ya kawaida, na Castle alilijua hilo. Kwa hiyo kila aliyekata tiketi alipewa hati ya bima ya dola 1,000 kutoka Lloyd's ya London, italipwa kwa warithi wake iwapo atakufa kwa woga wakati wa filamu. Wauguzi waliwekwa barazani, magari ya kubebea maiti nje.

Tazama ujanja wake kwa makini. Bima ni biashara ya kupima uwezekano wa jambo kutokea, na uwezekano wa mtu mwenye afya kufa kwa kutazama picha ni mdogo mno, kwa hiyo gharama yake kwa mtengenezaji ilikuwa ndogo. Kwa mtazamaji, hata hivyo, karatasi yenye jina la Lloyd's ilisema kitu kizito: watu wasiotania na fedha wameikubali hatari hii. Hofu ilianza kabla taa hazijazimwa.

Mwaka uliofuata, katika House on Haunted Hill, mifupa ya mtu ilipoibuka kutoka kwenye dimbwi la tindikali filamuni, mifupa ya plastiki yenye macho ya taa ilitoka kwenye sanduku pembeni ya pazia na kuteleza kwenye waya juu ya vichwa vya watazamaji. Kituko kiliitwa Emergo. Habari ziliposambaa, watoto walikuja na manati. Waliitupia mifupa makopo ya bisi, vikombe vya soda, chochote kilichokuwa mkononi. Kitu kilichokusudiwa kutisha kikawa mchezo wa kulenga shabaha, na watoto wakarudi kwa ajili hiyo.

Mota za viti zilikuja na The Tingler, mwaka huohuo wa 1959. Hadithi ya filamu inasema kila mwanadamu ana kiumbe kwenye uti wa mgongo kinachokua kadiri anavyoogopa, na kinacholegezwa na ukelele tu. Karibu na mwisho kiumbe kinatoroka ndani ya ukumbi wa sinema. Pazia linakuwa giza, sauti ya mwigizaji Vincent Price inawaambia watazamaji, wale halisi waliolipa tiketi, kwamba kiumbe kimo humu ndani na wapige kelele kuokoa maisha yao. Hapo mpiga projekta anabonyeza swichi na mota zinatetema.

Hazikufungwa kwenye kila kiti, na hazikuhitajika kila mahali. Aliyetetemeshwa alipiga ukelele, jirani yake akashtuka kwa ukelele wa yule, na safu ya nyuma ikashtuka kwa safu ya mbele. Mota chache zilitosha kuutikisa ukumbi mzima, kwa sababu watu ndio waliomaliza kazi. Naamini hiki ndicho kilele cha Castle: hadithi, mtambo na mwili wa mtazamaji vimeungana kiasi kwamba filamu hiyo ukiitazama peke yako nyumbani kuna kipande kinakosekana kabisa.

Kituko chake chenye elimu kubwa zaidi ya binadamu, lakini, ni cha Homicidal ya mwaka 1961. Kabla ya tukio la mwisho saa ilijitokeza kwenye pazia na kuhesabu sekunde 45. Anayeogopa aliruhusiwa kutoka na kurudishiwa fedha zake zote. Mwanzoni watu wakamzidi maarifa: walitazama filamu hadi mwisho, wakabaki ukumbini kwa onyesho la pili, kisha wakatoka saa ilipoanza kuhesabu na kudai fedha. Castle akabadilisha rangi za tiketi kwa kila onyesho.

Halafu akaongeza bei ya kutoka, na bei hiyo ilikuwa aibu. Aliyetaka fedha zake alifuata njia ya manjano hadi kibanda cha manjano barazani, Kona ya Waoga. Alimulikwa taa ya manjano huku ukumbi ukimtazama. Muuguzi alimpima shinikizo la damu. Sauti iliyorekodiwa ilitangaza kwamba huyu hapa ni mwoga. Na kabla ya kupewa fedha alitia sahihi cheti kinachothibitisha woga wake. Inasemekana asilimia moja tu ya watazamaji walidai kurudishiwa. Ahadi ilikuwa ya kweli, fedha zilikuwepo, na karibu hakuna aliyezichukua. Kijana aliyekuja na mpenzi wake angependelea kufa kitini.

Mwaka huohuo kwa Mr. Sardonicus watazamaji walipewa kadi yenye kidole gumba kinachong'aa gizani, wapige kura kama mhalifu aadhibiwe au asamehewe. Castle alidai amepiga picha miisho miwili. Wa msamaha haujawahi kuonekana. Alikuwa na hakika kwamba umati gizani, ukipewa nafasi ya kuhukumu, hautasamehe, na hilo linanifikirisha kuliko mizimu yake yote. Aliyetaka kumdharau kama mpiga debe tu anapaswa pia kukumbuka kwamba ndiye mtayarishaji wa Rosemary's Baby ya mwaka 1968.

Foleni kama tangazo

Mwongozaji Alfred Hitchcock naye aliitazama Les Diaboliques na mafanikio yake. Filamu yake Psycho ilipofunguliwa New York mwezi Juni 1960, aliweka sharti moja: hakuna atakayeingia baada ya filamu kuanza.

Leo hatuoni ajabu ya sharti hilo kwa sababu tumezoea kuwahi. Wamarekani wa wakati huo waliingia sinema saa yoyote. Filamu ilizunguka mfululizo tangu mchana. Mtu aliingia katikati, akatazama hadi mwisho, akasubiri mwanzo, na ilipofika pale alipoikutia akanyanyuka kwenda zake. Kwa filamu ambayo mwigizaji wake mkuu, Janet Leigh, anauawa kabla haijafika nusu, mtazamaji wa kuchelewa angekaa akimsubiri mtu ambaye ameshazikwa.

Sababu hiyo ya kisanii ni ya kweli. Lakini sharti lilizaa kitu kingine. Wanaosubiri onyesho lijalo hawakuweza tena kukaa ndani, wakapanga mstari nje, kandokando ya barabara, mchana kweupe. Mpita njia aliyekuta watu mia wamesimama alitaka kujua kuna nini. Barazani palisimamishwa picha ya Hitchcock akionyesha saa yake, na wenye majumba walitumiwa maelekezo kamili ya jinsi ya kuendesha zoezi, pamoja na kuweka walinzi mlangoni. Wengi waliogopa mwanzoni kwamba wateja watakasirika. Kati ya vituko vyote vya enzi hiyo, huu ndio uliogharimu kidogo na kuacha alama kubwa, maana uliwafundisha watu kuja kwa saa ya tiketi.

Linganisha na harufu. Desemba 1959 ilionyeshwa filamu ya kumbukumbu kuhusu China ambayo harufu zake zilipulizwa kupitia mitambo ya kupooza hewa, mfumo ulioitwa AromaRama. Wiki chache baadaye Mike Todd Jr. akaleta Smell-O-Vision ya Hans Laube, ambayo mabomba yake yalifika hadi kwenye viti. Harufu zilichelewa kuwafikia waliokaa juu, mashine zilipiga mlio, na harufu ya zamani haikuondoka kabla mpya haijafika. Biashara ikafa mara moja. Mwaka 1981 mwongozaji John Waters, aliyekulia Baltimore akizipenda filamu za Castle, alilitatua tatizo kwa kadi yenye namba kumi za kukwaruza na kunusa. Namba inatokea kwenye pazia, mtazamaji anakwaruza mwenyewe, na ukumbi mzima unakunja pua kwa pamoja.

Kadi ya Waters, cheti cha mwoga na sahani ya Jumanne vinafanana kwa jambo moja: ni vya bei rahisi, na haviendi bila mtazamaji kufanya sehemu yake. Mabomba ya Laube yalitaka mtazamaji akae kimya huku mtambo ukihangaika kwa niaba yake.

Kwetu Afrika Mashariki kumbi ndogo za video zilifika pahala hapohapo kwa njia yao. Kwenye vibanda umiza vya Tanzania na kumbi za Uganda, mkanda uleule wa Hong Kong au wa Marekani ulipatikana kila mtaa, kwa hiyo kilichotofautisha ukumbi na ukumbi ni sauti ya aliyeutafsiri na kuunogesha. Lufufu alijipatia mashabiki wake Tanzania. Uganda kazi hiyo imekuwa taaluma kamili, na filamu za Wakaliga, Kampala, hutoka na maneno ya mnogeshaji wao, VJ Emmie, yakiwa ndani yake tangu mwanzo. Hicho sikiiti kituko, lakini kinajibu swali lilelile la mwenye ukumbi: filamu si yangu peke yangu, sasa waje kwangu kwa nini?

Kiti kinachotetemeka nacho kimerudi. Mwaka 2009 kampuni ya Korea Kusini ilianza na kumbi za 4DX, ambazo viti vyake vinainama, vinatikisika, vinapuliza upepo na hata harufu, na sasa ziko katika nchi nyingi. Castle alizifunga mota zake bila kumwongezea mtazamaji bei, kwa sababu zilikuwa chambo cha kuuza tiketi ya kawaida ya filamu ambayo asingeifuata. Tiketi ya 4DX inauzwa ghali kuliko ya ukumbi wa kawaida ulio mlango wa pili, kwa filamu ileile.